Picha Haionyeshi Nyuma

Mbeya, nyumba ya masista
11 Agosti 2024

Shikamoo baba,

Hatujambo. Baridi ya huku bado, asubuhi tunapuliza vidole kabla ya kushika sindano. Simu sisi wanovisi haturuhusiwi, kwa hiyo usichoke kuandika hata kama mkono umezoea magogo.

Nadhiri zetu za kwanza zimepangwa tarehe mbili Februari. Nakutumia picha ya sista mmoja wa kundi lililotutangulia, ujue nitakavyovaa siku hiyo. Ichomeke kwenye fremu ya mama, asikae peke yake.

Sasa kuna jambo naona haya kuliandika, lakini sina mwingine wa kumuuliza. Parokia inafanya jubilei mwezi wa kwanza, na msimamizi wake ni Mtakatifu Sebastiani, yule askari aliyefungwa kwenye nguzo akapigwa mishale. Vijana wataigiza. Padre Adrian amerudi kutoka Italia na picha zake za kuchorwa, za zaidi ya miaka mia tano. Kwenye zote mtakatifu amevaa chupi tu. Nyeupe, fupi, imefungwa kamba ubavuni. Padre anasema wachoraji walimvalisha ile waliyovaa wanaume wa mtaani kwao siku hizo. Jinsi ilivyoshonwa hakuna aliyeandika, kilichobaki ni picha. Anataka niishone iwe kama ile, na chumba cha ushonaji ni mimi.

Nakuwekea na picha ya huyo Sebastiani. Angalia mwenyewe. Mgongo umeegemea nguzo. Mbele naona, nyuma haionekani. Baba, wewe ni mwanaume. Nguo kama hiyo, nyuma inakaaje?

Binti yako,
Apolonia


Nyololo
22 Agosti 2024

Apolonia mama,

Kamwene. Barua imefika. Picha ya sista nimechomeka kwenye fremu. Mama yako na yeye wanaangaliana.

Usione haya. Ungemuuliza mama yako, hayupo. Uliza mimi.

Chupi ni chupi. Nyuma kuna matako, kitambaa kipite hapo. Zaidi sijui. Mama yako alikuwa ananishonea za mifuko ya ngano, kabla mitumba haijajaa huku. Za kamba, hazina lastiki. Mimi nilivaa tu. Sikuangalia zimeshonwaje.

Huyo Sebastiani wako nimemwonyesha Rabson. Mishale imejaa mwilini na amesimama wima anaangalia juu. Rabson akasema huyu anasubiri basi. Mtu akiumia anajikunja. Aliyechora hajawahi kubeba kitu.

Kazi ipo. Bado tunapakia magogo pale kiwandani, mimi na Rabson. Ngiri inanisumbua tangu mwezi wa sita. Usiku hasa. Usihangaike.

Baba yako,
Sosthenes Kalinga


Mbeya
8 Septemba 2024

Shikamoo baba,

Pole sana na ngiri. Najua wanavyofukua, wakiingia kwenye kishamba chako cha kinyungu usiku mmoja viazi vyote vimeisha. Usilale nje kuwalinda, huko bondeni kuna ukungu na wewe kifua chako sio kizuri. Mwambie Rabson akuazime mbwa wake, uwafunge upande wa mtoni. Mama alikuwa anatundika makopo kwenye kamba, yakigongana wanakimbia. Nimemweleza Sista Faustina, mlezi wetu, jioni tumekiombea kinyungu chako, nyumba nzima.

Nguo imenishinda. Nilikata kitambaa cheupe kutoka dukani kwa Himmat, nikafuata picha mstari kwa mstari. Jumamosi kwenye mazoezi, kijana anayeigiza mtakatifu, anaitwa Asukile, akainua mikono afungwe kwenye nguzo. Ikaanguka mbele ya kwaya nzima. Alikuwa na bukta ndani, namshukuru Mungu. Akaniambia, "Sista, mimi nitakufa kwa aibu kabla ya mishale." Akina mama wa kwaya walikaa chini kwa kucheka. Padre akajifanya anasoma.

Kwenye picha imebana, na hakuna lastiki. Mimi nikibana, hawezi kupanua miguu. Nikiachia, inaanguka. Sijui wale watu walifanyaje.

Apolonia


Nyololo
19 Septemba 2024

Apolonia mama,

Nimesoma habari ya mbwa. Nikacheka. Halafu nikasoma tena.

Sawa. Mbwa nitafunga. Waambie masista asante kwa sala. Ngiri ikitoka naisukuma inarudi. Usiogope.

Nimefungua sanduku la mama yako. Zile nguo zimebaki mbili. Nimeziangalia mlangoni kwenye mwanga. Alikata kitambaa kwa kona, hakukata kunyooka. Ukivuta kinaongezeka, ukiachia kinarudi. Na katikati ya miguu kuna kipande kingine kidogo. Kumbe alikuwa anafikiria vitu. Mimi niliona ni mfuko wa ngano.

Kueleza siwezi. Nakutumia moja, nimempa kondakta wa basi. Nimeifua.

Umeniambia Asukile. Mnyakyusa huyo. Mwambie ajikunje kidogo kwenye nguzo. Asisimame kama wa kwenye picha.

Baba yako,
Sosthenes


Mbeya
6 Oktoba 2024

Shikamoo baba,

Mzigo umefika. Nilipofungua gazeti nilikaa nayo kwanza, sikushona siku hiyo. Mshono wa mama naujua, anarudia mara mbili kwenye kona kama mtu anayefunga mlango halafu anarudi kuangalia kama umefungwa. Kwa ndani bado yanasomeka maneno ya unga, na simba wa kwenye nembo amebaki kichwa.

Nimeiweka pembeni ya picha za Padre. Baba, kwenye picha kuna mikunjo midogo inatoka kwenye kamba kwenda pajani, imelala upande. Nilidhani mchoraji anajifurahisha. Kumbe ndivyo kitambaa kinavyofanya kikikatwa kwa kona. Mama hakuwahi kuziona hizo picha. Alikuona wewe unabeba magogo, basi. Nyuma nimefuata ya kwake, kipande kimoja, kinapita chini kinakuja kukutana na kamba. Padre ameridhika. Anasema hatuna uhakika wa wale wa zamani, lakini hii inashika.

Jambo moja sielewi. Upande wa kushoto, kwenye kinena, kuna duara ambapo kitambaa hakijapauka, na kuzunguka duara kuna matundu ya sindano kubwa, kama ya gunia. Mama alikuwa ameweka kiraka kikatoka? Mkono sio wake. Kwenye picha moja naona kama uvimbe palepale, labda ni kivuli. Nimeshona kimto kidogo hapo, nisije nikaacha kitu chenye maana.

Ngiri wamepungua?

Apolonia


Nyololo
20 Oktoba 2024

Apolonia,

Hilo duara usiweke. Halina kazi. Toa.

Viazi vimetoka vizuri. Ngiri ipo ipo.

Rabson anakusalimu. Anasema ukiwa sista umwombee, mke wake amerudi kwao Makete, amechoka na ulevi wake wa ulanzi. Nimemwambia aanze kuacha ulanzi, sala itafuata.

Sosthenes


Mbeya
1 Desemba 2024

Baba,

Barua yako ya Oktoba nimeipata juzi, ilikuwa imelala ofisini kwa Padre chini ya bahasha za michango. Kimto nilikuwa nimeshaweka.

Jana Asukile alijaribu nguo. Akaniuliza, "Na hiki kimto cha nini, Sista? Mtakatifu alikuwa anajaza?" Vijana wakacheka. Nikasema nafuata nguo ya baba yangu. Sista Faustina alikuwa mlangoni. Kabla ya kuwa mlezi wetu alikuwa nesi wodi ya wanaume, miaka mingi. Akaomba nguo ya mama. Akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye yale matundu, akauliza ni ya nani. Nikasema ya baba.

Akasema, "Baba yako ana ngiri."

Nikasema, "Ndiyo Sista, wanamsumbua sana kwenye kinyungu. Tulikiombea."

Akaniangalia. Hakucheka. Akanishika mkono akanitoa nje, tukakaa kwenye ngazi za jikoni, akanieleza kuna ngiri nyingine, ile ya utumbo kutokeza kinenani.

Baba, mimi nilikwambia ufunge mbwa. Nilikwambia utundike makopo.

Ulikuwa umeshona kile kimto mwenyewe, na sindano ya gunia. Ukakifumua ili nisikione, ukaifua, ukanitumia. Na mimi nikakishona upya nikamvalisha kijana wa watu kwa ajili ya mchezo.

Sista anasema ni kukatwa kidogo, watu wanapona. Anasema pia ikinasa nje inaua. Nenda hospitali. Kama hutaenda mimi natoka nakuja.

Apolonia


Nyololo
10 Desemba 2024

Apolonia mama,

Sikukudanganya. Nilikwambia mwezi wa nane. Niliandika ngiri. Wewe ukasoma mnyama, nikaona heri mnyama. Kwa ajili ya mnyama hutatoka huko.

Usije.

Mama yako alipougua uliacha chuo cha ushonaji, ukakaa hapa unapika uji na kumgeuza kitandani mpaka mwisho. Siku chache kabla hajaenda alinishika. Alisema, huyu asirudi tena kupika uji wa mgonjwa. Nikamwambia sawa Rozalia. Mimi sijui kuahidi vitu vingi. Hicho niliahidi.

Nikikatwa sitabeba kitu muda mrefu. Nani atachota maji. Utasikia, utakuja. Nakujua.

Hivi nitafanya. Tarehe mbili nakuja Mbeya nakuona umevaa. Tarehe tatu naenda hospitali ya Tosamaganga, palepale ulipozaliwa, wanikate. Ukishaweka nadhiri hata ukija utarudi ulikotoka. Mpaka hapo naisukuma. Nimeizoea.

Usimwambie kila mtu. Ni kinena changu.

Baba yako,
Sosthenes


Mbeya
21 Januari 2025

Shikamoo baba,

Niliomba ruhusa nije. Sista Faustina alisema siku moja mbili anaweza kunipa, lakini nikitoka kuuguza, nadhiri zitanipita na nitaanza unovisi upya. Nikasema nitaanza. Akaniuliza, "Na baba yako anasemaje?" Nikampa barua yako akaisoma. Akasema yeye hawezi kunichagulia.

Nimebaki. Nimekusikiliza wewe. Sijui kama nimefanya vizuri, na usiku sipati usingizi wa kueleweka.

Mchezo ulikuwa Jumapili. Nilimtolea Asukile kimto. Alifungwa kwenye nguzo tangu masomo mpaka mwisho, akainua mikono, nguo haikusogea. Nilimwambia ajikunje kidogo kama ulivyosema. Akajikunja. Bibi mmoja mbele akasema kwa sauti, "Mfungueni mtoto." Baadaye Asukile aliniambia alisahau kama amevaa kitu. Padre anasema hiyo ndiyo sifa kubwa kwa chupi.

Kwenye mzigo huu kuna yako. Nimeikata kama ya mama, kitambaa kipya, na kimto ni cha pamba, Sista amenionyesha pa kukiweka. Lala chali, irudishe kwanza, ndiyo ufunge. Fundo liwe kulia, ili kitambaa kivute kutoka kushoto. Na amesema nikuandikie kwa herufi kubwa. IKITOKA IKAKATAA KURUDI, USINGOJE HATA KUKUCHE.

Tarehe mbili wazazi wataitwa mbele kwa majina, kila mmoja amshike mtoto wake mkono ampeleke altareni. Vaa lile koti la harusi. Nitakuangalia tangu mlangoni.

Apolonia


Nyololo
5 Februari 2025

Apolonia mama,

Sista sasa. Kamwene Sista.

Nilifika. Basi liliharibika Igawa tukakaa sana. Nilipoingia wazazi walikuwa wameshaitwa. Koti limejaa vumbi. Nikaona nisipite katikati ya watu, nikasimama nyuma mlangoni.

Nilikuona. Nguo nyeupe, mkanda wa bluu, msalaba kifuani. Ulikuwa unacheka kidogo upande mmoja wa mdomo kama mama yako. Umependeza. Nikasema moyoni, Rozalia, kazi imeisha.

Nikapanda gari la kurudi hapohapo, kiwandani kulikuwa na mzigo. Usikasirike.

Habari ya hospitali nimeshaanza. Usiniulize sana.

Baba yako,
Sosthenes


Mbeya
12 Februari 2025

Baba yangu,

Barua yako nilitembea nayo mfukoni. Siku nzima nilikuwa na furaha. Niliwaambia wenzangu, alikuja, alisimama mlangoni.

Usiku nikaisoma tena, na sikutaka kufikiria nilichofikiria. Lakini tangu Agosti kazi yangu imekuwa ni hiyohiyo, kuangalia picha na kujiuliza mtu amesimama wapi na anaweza kuona nini.

Aliyesimama mlangoni nyuma anaona migongo, baba. Misa yote tulitazama altare. Msalaba niliwekewa kifuani watu wako nyuma yangu, na mwisho tulitoka kwa mlango wa sakristia. Na mkanda wa bluu umeachwa. Sisi tumefunga wa kahawia, ulibadilishwa baada ya lile kundi la mbele yetu. Uliyemwona ni yule sista wa kwenye picha niliyokutumia. Na kile kicheko cha upande mmoja ni cha mama mwenyewe, hapo juu yake kwenye fremu.

Waliita, "Mzazi wa Apolonia Kalinga." Nikageuka mara moja kuangalia mlango. Wakaita tena. Sista Faustina akasimama akanishika mkono.

Sikasiriki. Simu sasa naruhusiwa kuomba, nimepiga ya Rabson haipatikani. Ulikuwa wapi?

Apolonia


Tosamaganga, wodi ya wanaume
19 Februari 2025

Apolonia mama,

Barua yako imepita Nyololo, Rabson ameniletea huku.

Ni kweli. Sikufika.

Tarehe moja jioni koti nilikuwa nimeshapiga pasi. Kiwandani gogo moja lilikuwa limelala vibaya, Rabson yuko peke yake, nikashika. Ikatoka. Nikalala chali kama ulivyoandika. Ikakataa. Zile herufi kubwa nilizikumbuka. Lakini nikasema asubuhi kuna basi la Mbeya, labda mpaka asubuhi itarudi. Nikangoja kukuche. Hilo ni langu mimi. Sio lako wala la Sista.

Asubuhi nilikuwa siwezi kusimama. Nilijikunja. Rabson akasimamisha lori la mbao linaenda Iringa, wakaniweka juu ya mbao.

Nilikuwa nimevaa uliyoshona. Nesi alishika mkasi aikate. Akaiangalia, akasema nani ameshona hii. Nikasema mwanangu, leo anaweka nadhiri. Akaweka mkasi chini, akafungua fundo kwa vidole. Kulia, kama ulivyosema. Ameifua, ipo hapa chini ya mto.

Walipokuita jina mimi nilikuwa mezani nimelala, sijui kitu.

Utumbo kipande kilikuwa kimeshakufa, wamekitoa. Wananihudumia vizuri. Ila kidonda hakifungi. Wamenifungua mara ya pili. Daktari kijana, mstaarabu, ananiambia tusubiri. Akisema hivyo anaangalia dirisha.

Rabson aliniletea picha, ile ya fremu. Sista huyo na mama yako. Nililala naziangalia. Nikaona nikikuandikia kwamba nilikuona, utatulia. Nikaangalia amevaa nini nikaandika, na juu nikaweka Nyololo. Kwamba picha haionyeshi nyuma, hilo sikufikiria. Na wewe ulishaniambia.

Sasa niambie ukweli wake. Nyuma ilikuwaje. Shela inafika wapi, imeshikwa na nini, ukitembea inakaaje. Andika herufi kubwa, macho yanachoka.

Kama barua itachelewa, njoo. Sasa unaruhusiwa, utarudi ulikotoka. Kitanda changu kinatazama mlango. Ukiingia usinisalimie kwanza. Geuka nione.

Baba yako,
Sosthenes Kalinga